Imani, Uzazi na Uhamiaji: Hesabu Tatu Zinazofanywa Kuwa Moja

Tarehe 29 Novemba 2022, Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya Uingereza ilitoa matokeo ya sensa ya mwaka uliotangulia kuhusu dini katika England na Wales. Kwa mara ya kwanza tangu sensa ya nchi hizo ianze kuuliza swali la dini mwaka 2001, waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa chini ya nusu ya watu wote: asilimia 46.2, kutoka asilimia 59.3 mwaka 2011 na asilimia 71.7 mwaka 2001. Katika matokeo hayo hayo Waislamu walikuwa wamepanda kutoka asilimia 4.9 hadi 6.5 ndani ya miaka kumi. Wengi waliziweka namba hizi mbili bega kwa bega, wakaongeza habari waliyokwisha kuisikia kwamba Waingereza hawazai kama zamani, na wakapata simulizi moja iliyonyooka: imani imekufa, uzazi umeifuata, na pengo limezibwa na wageni waliokuja na dini zao.

Kila kipande cha simulizi hiyo kina ukweli wake, na ndiyo maana ni vigumu kuipinga kwa neno moja. Tatizo liko kwenye viungo, yaani pale inaposemwa kwamba jambo la kwanza limezaa la pili na la pili likalazimisha la tatu. Ukizitazama jamii zilizoendelea kiviwanda moja baada ya nyingine, utakuta kwamba kudhoofika kwa dini, kupungua kwa uzazi na kuongezeka kwa uhamiaji ni michakato mitatu yenye sababu zake na kasi yake, ambayo wakati mwingine hukutana katika nchi moja na kizazi kimoja, na wakati mwingine hupishana kabisa.

Tuanze na hesabu ya England na Wales, maana haihitaji utaalamu wowote. Kati ya mwaka 2011 na 2021 Wakristo walipungua kutoka milioni 33.3 hadi milioni 27.5, yaani kwa watu wapatao milioni 5.8. Katika muda huo Waislamu waliongezeka kutoka milioni 2.7 hadi milioni 3.9, nyongeza ya milioni 1.2. Waliosema hawana dini walitoka milioni 14.1 wakafika milioni 22.2, nyongeza ya milioni 8.1. Kwa hiyo kwa kila Mwislamu mmoja aliyeongezeka, waliongezeka karibu watu saba wasio na dini, na hao saba kwa sehemu kubwa hawakushuka kwenye ndege. Ni watoto na wajukuu wa Wakristo wa pale pale. Anayetaka kujua Wakristo wa Uingereza wamekwenda wapi hana haja ya kuwatafuta msikitini. Wamo majumbani mwao, Jumapili asubuhi, wamelala.

Idadi ya watu wa nchi hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Idadi ya waumini wa dini fulani ina njia ya tano, nayo ni watu kuingia katika dini hiyo au kuiacha. Njia hii ya tano ndiyo inayosahaulika zaidi katika mabishano ya hadhara, ambako dini huzungumzwa kana kwamba ni rangi ya macho, kitu ambacho mtu huzaliwa nacho na kufa nacho. Kitu kingine kinachofanya kazi bila kelele ni muundo wa umri. Katika sensa hiyo ya 2021, umri wa kati wa Wakristo, yaani umri unaowagawa katika nusu mbili zilizo sawa, ulikuwa miaka 51; wa wasio na dini ulikuwa 32, na wa Waislamu 27. Kundi ambalo nusu yake imevuka miaka 51 litapungua kwa vifo hata kama hakuna mtu mmoja atakayeiacha imani yake, na kundi la vijana litakua hata kama kila mama atazaa watoto wawili tu. Hilo si suala la bidii ya mtu katika dini wala la njama ya yeyote. Wahamiaji huwa vijana kwa sababu safari ya kutafuta kazi ni ya vijana.

Kabla ya kuzitegemea namba hizi, inafaa kujua zimepatikanaje. Dini hupimwa kwa mambo yasiyolingana: mtu anajiita nani, anaamini nini, anahudhuria ibada mara ngapi, na jina lake limeandikwa katika daftari gani. Sensa ya England na Wales huuliza tu dini ya mtu ni ipi, na swali la namna hiyo humvuta hata aliyebatizwa zamani na kusahau kujibu kwamba ni Mkristo. Scotland huuliza mtu ni wa dini, dhehebu au jumuiya gani ya kidini, na mwaka 2022 asilimia 51.1 walijibu kwamba hawana. Ufaransa haijauliza dini katika sensa yake tangu mwaka 1872, na sensa ya Marekani haiulizi, hivyo nchi zote mbili hutegemea tafiti za sampuli. Uswidi nayo ina hali yake: kanisa la taifa lilitenganishwa na dola mwaka 2000, wanachama wake bado ni zaidi ya nusu ya wananchi, ilhali siku ya Jumapili viti vingi ni vitupu. Kwa hiyo mtu akisema dini imepungua kwa kiasi fulani, swali la kwanza la kumuuliza ni kipimo gani alichotumia.

Ujerumani inatuonyesha jambo hili kwa karibu, kwa sababu huko kutoka kanisani ni tendo la kisheria lenye tarehe na saini. Kijana anayepokea mshahara wake wa kwanza, ambaye alibatizwa akiwa mchanga na hajaonekana kanisani tangu kipaimara, hukuta katika hati ya malipo mstari wa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kutegemea jimbo analoishi. Akitaka kutoka hana haja ya kubishana na padri wala mchungaji. Huenda katika ofisi ya serikali, ambayo katika baadhi ya majimbo ni mahakama ya chini na katika mengine ni ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa, akatoa kitambulisho, akatia saini tamko lake, na makato yakakoma. Mwaka 2022, ambao mnamo Januari ilichapishwa ripoti nzito juu ya unyanyasaji wa kingono katika jimbo kuu la München, Wakatoliki 522,821 walifanya hivyo, na kufikia mwaka huo wanachama wa makanisa makubwa mawili ya Ujerumani, yaani Katoliki na la Kiinjili, walikuwa wameshuka chini ya nusu ya wakazi wote.

Ni rahisi kusema kwamba watu hao walikimbia kodi, au walikimbia kashfa. Lakini kodi hiyo si ngeni. Katiba ya mwaka 1919 ilikuwa tayari imeitambua, na vizazi kadhaa viliilipa bila kuondoka. Kilichobadilika ni uzito wa kile kilichokuwa upande wa pili wa mizani. Mtu ambaye bibi yake alisali, mama yake akaenda kanisani Krismasi tu, na yeye mwenyewe hakufundishwa sala hata moja, huhitaji sababu ndogo sana ya kutoka. Kashfa na kodi humwamulia siku ya kwenda. Uamuzi wenyewe ulianza miaka arobaini nyuma, katika malezi.

Hapa ndipo wataalamu wengi wa sosholojia ya dini wanapokubaliana. Watu wazima wachache huiacha imani wakiwa na miaka hamsini. Jamii hupoteza dini kwa kizazi kimoja kutowarithisha watoto kile ilichorithishwa. David Voas na Alasdair Crockett, katika uchambuzi wao wa takwimu za Uingereza uliochapishwa mwaka 2005, walionyesha kwamba wazazi wawili wenye dini wana uwezekano wa takriban nusu tu wa kumrithisha mtoto dini hiyo, na akiwa na dini mzazi mmoja tu uwezekano huo hushuka hadi karibu robo, ilhali wazazi wasio na dini hufaulu karibu daima kurithisha hali yao. Ukiiweka hesabu hiyo katika vizazi vitatu utaelewa kwa nini makanisa yaliyojaa mwaka 1955 yanauzwa leo, ingawa hakuna mwaka mmoja ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole na kusema kwamba imani ilikufa hapo.

Kwa nini urithishaji huo ulegee ndipo makubaliano yanapokwisha. Maelezo ya zamani yalidai kwamba sayansi na maisha ya mjini huondoa dini popote vinapofika. Peter Berger, mmoja wa watetezi wakubwa wa maelezo hayo, alitabiri mwaka 1968 kwamba kufikia karne ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vilivyojikunyata dhidi ya utamaduni wa dunia nzima usio wa dini. Miongo mitatu baadaye alikiri hadharani kwamba alikosea, kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imeendelea bila kuacha kuomba. Pippa Norris na Ronald Inglehart walileta maelezo mengine mwaka 2004: dini hudhoofika pale watu wanapoishi bila hofu ya njaa, ugonjwa na kifo cha ghafla, kwa sababu dola imechukua hospitali, shule, pensheni na matunzo ya wazee, kazi ambazo zamani zilikuwa za kanisa. Kwa maoni yangu maelezo haya yana nguvu zaidi, lakini hayatoshi. Ujerumani Mashariki, ambako zaidi ya watu tisa katika kumi walikuwa wanachama wa makanisa mwaka 1950, ilibaki na takriban theluthi moja kufikia mwaka 1989 kwa shinikizo la dola ya kikomunisti, na baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka watu hawakurudi. Marekani, kwa upande wake, ilikuwa tajiri kwa miongo mingi na bado ikabaki na dini, kisha kuanzia miaka ya 1990 wasio na dini wakaanza kuongezeka kwa kasi. Michael Hout na Claude Fischer walipendekeza mwaka 2002 kwamba sehemu ya sababu ni siasa: dini ilipotambulishwa sana na mrengo mmoja wa kisiasa, watu wa kati na wa mrengo wa pili ambao hawakuwa na uhusiano wa karibu na kanisa waliacha hata kujiita waumini.

Sasa tugeukie uzazi. Ndani ya nchi moja, ni kweli kwamba wanaohudhuria ibada mara kwa mara huwa na watoto wengi kidogo kuliko wasiohudhuria, na jumuiya zilizojitenga zina watoto wengi zaidi: Wayahudi wa Kiorthodoksi wenye msimamo mkali nchini Israeli wana wastani wa zaidi ya watoto sita kwa mwanamke, na Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaokataa mengi ya maisha ya kisasa, huongezeka maradufu kila baada ya miaka ipatayo ishirini. Lakini ukitoka ndani ya nchi na kuzilinganisha nchi kwa nchi, uhusiano huo huvurugika. Mwaka 2010 Uswidi na Ufaransa, ambazo hazisifiki kwa uchaji, zilikuwa na wastani unaokaribia watoto 2 kwa mwanamke, ilhali Italia, yenye makao makuu ya Kanisa Katoliki ndani ya mji wake mkuu, ilikuwa chini ya 1.5. Mwaka 2023 Poland, mojawapo ya nchi zenye wahudhuriaji wengi wa misa barani Ulaya, ilikuwa na wastani wa 1.16.

Mfano wa kushangaza zaidi ni Iran. Katikati ya miaka ya 1980, chini ya Jamhuri ya Kiislamu iliyokuwa changa, wastani ulizidi watoto 6 kwa mwanamke. Kufikia mwaka 2000 ulikuwa umeshuka hadi karibu 2, mojawapo ya miteremko mikali kupita yote iliyowahi kurekodiwa. Hakuna aliyeufunga msikiti. Kilichotokea ni kwamba wasichana waliingia shuleni kwa wingi, vifo vya watoto wachanga vikapungua, na mwaka 1989 serikali yenyewe, ikiwa imetoka katika vita na hazina tupu, ikafufua uzazi wa mpango kwa baraka za wanazuoni. Uturuki, chini ya serikali inayojitambulisha na dini na kuhimiza familia kuwa na watoto watatu, ilikuwa na wastani wa 1.51 mwaka 2023. Korea Kusini ilishuka hadi 0.72 mwaka huo, na kule zaidi ya nusu ya watu walisema katika sensa ya 2015 kwamba hawana dini, lakini hawakuwa na kipindi cha zamani ambacho karibu wote walikuwa wa kanisa moja wakaliacha. Gharama ya kumsomesha mtoto, saa za kazi, bei ya nyumba, umri wa kuolewa na nafasi ya mwanamke kazini vinaeleza mengi zaidi kuliko idadi ya watu katika ibada. Dini inaweza kusukuma kidogo: mwishoni mwa 2007 Patriaki Ilia II wa Georgia aliahidi kumbatiza kwa mikono yake na kuwa baba wa ubatizo wa kila mtoto wa tatu na kuendelea wa wazazi waliofunga ndoa, na vizazi vikaongezeka katika miaka iliyofuata, ingawa wanademografia bado wanabishana ni kiasi gani cha ongezeko hilo kilikuwa chake.

Ipo sehemu moja ambako nyuzi zote tatu zilisokotwa pamoja, na kwa sababu hiyo inafundisha zaidi kuliko nyingine, nayo ni Quebec. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jimbo hilo la Kanada lilikuwa karibu lote Katoliki; mapadri na masista waliendesha shule, hospitali na misaada kwa maskini, na mwanamke alizaa kwa wastani watoto wanne. Kisha, kuanzia mwaka 1960, yakaja yale wenyeji wanayoyaita Mapinduzi ya Kimya: serikali ya jimbo ikachukua elimu na afya, mahudhurio ya misa yakaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wastani wa uzazi ulikuwa umeshuka chini ya 2. Hapa mtu anaweza kusema kwa haki kwamba imani na uzazi vilianguka pamoja. Hata hivyo ukiangalia kwa makini utaona vyote viwili vilivutwa na kitu cha tatu, yaani dola mpya iliyolipa walimu na wauguzi mishahara, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango na wanawake waliopata nafasi ya kusoma na kuajiriwa.

Uhamiaji ulikuja baadaye na kwa mlango ambao watu wengi hawaufikirii, yaani lugha. Quebec, ikihofia Kifaransa kumezwa na Kiingereza, ilijipatia mamlaka ya kuchagua wahamiaji wake wa kiuchumi, na mkataba wake na serikali ya shirikisho wa mwaka 1991 ukayathibitisha. Wanaojua Kifaransa na wanaotaka kuhama wanatoka kwa wingi Algeria, Morocco, Haiti na nchi za Afrika zilizotawaliwa na Wafaransa. Hivyo jamii iliyokuwa imeachana na kanisa ndani ya kizazi kimoja, na ambayo bado ina kumbukumbu chungu ya mamlaka ya mapadri, ilijikuta ikiwakaribisha kwa hiari yake watu wanaofunga, wanaosali na wanaovaa kwa mujibu wa dini, kwa sababu tu walikuwa na sarufi inayotakiwa. Juni 2019 jimbo lilipitisha sheria inayowakataza walimu wa shule za umma, polisi, waendesha mashtaka na baadhi ya watumishi wengine wa umma kuvaa alama za dini wakiwa kazini. Mwezi uliofuata, msalaba uliokuwa ukining'inia juu ya kiti cha spika katika ukumbi wa Bunge la Quebec tangu mwaka 1936 uliteremshwa. Mwalimu wa Kiislamu anayevaa hijabu aliiona sheria hiyo kama mlango uliofungwa usoni pake. Mquebec wa miaka sabini aliyelelewa na masista aliiona kama kumaliza kazi iliyoanza ujanani mwake. Wote wawili wana hoja, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kueleweka kwa takwimu za uzazi.

Kiungo cha tatu cha simulizi, kwamba wahamiaji waliitwa ili kuziba pengo la watoto wasiozaliwa, hakisimami vizuri kihistoria. Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba wa kuajiri wafanyakazi na Uturuki mwaka 1961. Tarehe 10 Septemba 1964, katika stesheni ya Köln-Deutz, seremala wa Kireno Armando Rodrigues de Sá alipokewa kwa bendi na maua na kuzawadiwa pikipiki ndogo, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mfanyakazi mgeni wa milioni moja. Mwaka huo wa 1964 ndio uliokuwa na vizazi vingi kuliko miaka yote ya Ujerumani baada ya vita, zaidi ya milioni 1.3 ukijumlisha pande zote mbili. Viwanda vilihitaji mikono wakati uleule ambapo wodi za wazazi zilikuwa zimefurika. Japani inaonyesha upande wa pili: uzazi wake umekuwa chini ya kiwango cha kuhifadhi idadi ya watu tangu katikati ya miaka ya 1970, lakini ilikaa miongo mingi karibu bila wahamiaji, na ni mwaka 2019 tu ndipo ilipoanzisha aina mpya ya viza kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu. Upungufu wa watoto huongeza hamu ya waajiri, hasa katika kutunza wazee, lakini anayeamua kufungua mlango ni siasa.

Tena, ni nani hasa anayepita katika mlango huo? Kituo cha Utafiti cha Pew kilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 280 walikuwa wakiishi nje ya nchi walikozaliwa, na kati yao asilimia 47 walikuwa Wakristo, asilimia 29 Waislamu na asilimia 13 watu wasio na dini. Wakristo ni karibu asilimia 30 tu ya watu wa dunia, hivyo wamo kwa wingi zaidi miongoni mwa wahamiaji kuliko miongoni mwa watu kwa jumla. Picha ya mhamiaji iliyozoeleka katika magazeti ya Ulaya inamficha Mfilipino, Mpolandi, Mghana na Mbrazili. Redeemed Christian Church of God, kanisa lililoanzishwa Nigeria mwaka 1952, lina mamia ya sharika nchini Uingereza, na parokia nyingi za Kikatoliki za Ulaya Magharibi zingekuwa hazina misa kama si mapadri kutoka Afrika na India. Afrika kusini mwa Sahara sasa ina Wakristo wengi kuliko Ulaya, na sehemu ndogo ya wingi huo inarudi kaskazini na begi mkononi. Kwa hiyo uhamiaji unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unaongeza aina za dini, na unapunguza kasi ya kuanguka kwa dini iliyokuwapo.

Jengo moja la mashariki ya London linabeba historia ya namna hii katika kuta zake. Lilijengwa mwaka 1743 katika kona ya Brick Lane kama kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso. Vizazi vyao vilipochanganyika na Waingereza, jengo lilipita mikononi mwa jumuiya iliyotaka kuwageuza Wayahudi kuwa Wakristo, kisha Wamethodisti, na mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoroka dola ya Urusi. Wayahudi nao walipofanikiwa na kuhamia vitongoji vya mbali, jengo likanunuliwa na watu wa asili ya Bangladesh, na tangu 1976 ni msikiti. Saa ya jua ya mwaka ule wa 1743 ingali ukutani. Waliotangulia hawakufukuzwa na waliofuata. Waliinuka kimaisha, wakahama, na wengi wao wakalegea katika dini kwa kadiri walivyozoea nchi.

Swali ni kama mambo yatakwenda hivyo tena. Katika uzazi, jibu limekwisha kuonekana: wanawake waliohama kutoka nchi zenye familia kubwa huzaa wachache kuliko dada zao waliobaki, na binti zao huzaa kwa kukaribia wastani wa nchi waliyozaliwa. Nchi walizotoka nazo zimebadilika, kama tulivyoona kwa Uturuki. Katika dini, jibu linatofautiana. Miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Wakatoliki walikuwa asilimia 67 mwaka 2010 na asilimia 43 tu mwaka 2022, na wasio na dini waliongezeka kutoka asilimia 10 hadi 30. Walioingia kama akiba ya Kanisa Katoliki wanafuata mkondo wa Wamarekani wenzao. Familia za Kiislamu barani Ulaya zimefaulu zaidi kurithisha dini kwa watoto. Madrasa, ndoa za ndani ya jumuiya na ile hali ya kuwa wachache wanaotazamwa kwa shaka huwafanya vijana washike utambulisho wao kwa nguvu zaidi, na si lazima ibada zao ziwe nyingi kama za wazazi wao.

Makadirio ya mbele yanapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo. Mwaka 2017 Pew ilichora njia tatu kwa nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway na Uswisi, ambako Waislamu walikuwa asilimia 4.9 mwaka 2016. Uhamiaji ukikoma kabisa, wangefika asilimia 7.4 mwaka 2050; ukiendelea kwa kiasi cha kati, bila mmiminiko wa wakimbizi, asilimia 11.2, na mmiminiko wa wakimbizi wa miaka ya 2014 hadi 2016 ukiendelea bila kukoma, asilimia 14. Hata njia ya juu kabisa, ambayo ilijengwa juu ya dhana ya miaka ya dharura kuwa desturi, haikaribii wingi. Pamoja na hayo, dai kwamba wenyeji wa Ulaya wanabadilishwa kwa makusudi, ambalo limesambazwa kutoka Ufaransa tangu mwaka 2011 kwa jina la Ubadilishaji Mkubwa, lilichukuliwa na muuaji aliyewapiga risasi na kuwaua watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, Machi 2019. Dai hilo linahitaji dini iwe kitu kisichoachwa, uzazi uwe kitu kisichobadilika, na wahamiaji wawe wa dini moja. Takwimu zinayakataa yote matatu.

Marekani kwa sasa ndiyo inayowatatiza watabiri. Wakristo walishuka kutoka asilimia 78 ya watu wazima mwaka 2007 hadi asilimia 62 katika utafiti mkubwa wa Pew wa 2023 na 2024, lakini tangu takriban mwaka 2019 mteremko huo umesimama. Baadhi wameuita mwamko. Hata hivyo katika utafiti huo huo Wakristo ni asilimia 80 ya wazee kabisa na asilimia 46 ya vijana wa miaka 18 hadi 24, na kila mwaka wale wazee hupungua kwa vifo huku vijana hao wakichukua nafasi zao. Ili kiwango kibaki pale kilipo, ama vijana hao wawe wacha Mungu zaidi kadiri wanavyozeeka, jambo ambalo vizazi vilivyowatangulia kwa jumla havikulifanya, ama waongezwe waumini kutoka nje. Wengi wa wanaohamia Marekani ni Wakristo, hasa kutoka Amerika ya Kilatini, na sera ya kuwazuia mpakani mara nyingi hutetewa na wale wanaosema wanataka kuilinda Marekani ya Kikristo.